Nilikwenda Nairobi Kupanga Foleni

Mbunifu wa programu za simu akiitwa kwenye usaili, ajiandae kwa swali la duka. Linakuja kwa sura nyingi: boresha supamaketi, boresha duka la dawa, buni duka la nguo ambalo mtu asiyeona atanunua bila msaidizi. Jibu sahihi halipo. Msaili anataka kukusikia ukifikiri kwa sauti kwa nusu saa hivi, kalamu mkononi na ubao mweupe mbele yako, aone unaanzia wapi na unaacha nini. Mimi niliitwa na kampuni moja ya Nairobi. Hatua za mwanzo tulizimaliza kwa simu nikiwa Dar es Salaam. Ya mwisho ilitakiwa ana kwa ana. Nairobi nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nikaomba nije kwa basi badala ya ndege, tena siku kadhaa kabla, maana niliona ni upuuzi kujizoeza swali la duka nikiwa kitandani Sinza ilhali maduka yenyewe yako huko.

Wenzangu wanaojiandaa kwa usaili wa namna hii hukariri mpangilio wa Lewis C. Lin, Mmarekani aliyeandika kitabu cha Decode and Conquer mwaka 2013. Uelewe hali, umtaje mteja, utaje haja zake, uchague zipi zitangulie, utoe mapendekezo, uyapime, kisha ufupishe. Ni mpangilio mzuri, unamzuia mtu asirukie suluhisho. Shida iko kwenye mteja na haja yake. Hapo watu hujaza vya kubuni: "mama mwenye watoto wawili", "kijana mwenye haraka". Nilikuwa nimewachoka hao mama na vijana wasio na jina wala mtaa. Nilitaka nikawaone walio hai.

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kukiwa bado giza. Kufika Chalinze jua limechomoza, na hapo ndipo nilipoliona duka la kwanza la safari. Vijana walituzunguka na mabeseni na ndoo: korosho, mayai ya kuchemsha, maji, chaja za simu, machungwa yaliyokwisha kumenywa. Jirani yangu wa kiti, bibi wa Kipare aliyekuwa anarudi Same, akafungua dirisha na kuagiza korosho za elfu mbili. Nilimtazama mkono. Noti ya elfu tano aliishika kwa ncha za vidole, lakini ndani ya dirisha, akangoja. Kijana akainua pakiti ya korosho kwa mkono mmoja na noti tatu za elfu moja kwa mkono wa pili. Dereva keshaanza kukanyaga mafuta. Vyote vikabadilishana kwa mpigo mmoja, kijana akikimbia sambamba na basi, na bibi akavuta kioo.

"Usitoe hela yako hujaiona chenji, mwanangu," akaniambia huku anahesabu.

"Nimekusikia, bibi."

Nikaandika daftarini kwamba duka hili shida yake si korosho wala bei. Shida ni chenji, na wauzaji na wanunuzi wameshaitatua wenyewe bila kumwita mbunifu yeyote. Msaili akiniuliza habari za duka linalokwenda mwendo wa basi, ninalo jibu.

Kutoka Segera kwenda Mombo barabara inapita kwenye mashamba ya mkonge, mistari mirefu inayosinzisha, nikapata wasaa wa kusoma niliyoyapakua kwenye simu. Nilisoma habari za Clarence Saunders wa Memphis, Tennessee. Mwezi Septemba 1916 alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly, na ndani yake akafanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: mteja alipewa kikapu, akapita mwenyewe katikati ya rafu, akachukua anachotaka, akaja kulipa mwishoni. Mwaka uliofuata akapewa hataza ya ubunifu huo. Kabla ya hapo mteja wa Marekani alisimama mbele ya kaunta, akataja mahitaji yake, na karani akayafuata rafuni. Yaani kabla ya 1916, duka la Marekani lilikuwa duka la Mangi.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa Mangi ni nani. Ni mwenye duka la mtaani, Mchaga au si Mchaga, anayekaa nyuma ya nondo na daftari la madeni. Kwake hununui chupa ya mafuta, unapimiwa mafuta. Hununui pakiti ya sukari, unapimiwa robo. Na mara nyingi hutaji hata kipimo, unataja hela: "Nipe mchele wa elfu moja, na vitunguu vya mia tano." Pesa inatangulia, bidhaa inaifuata. Mtoto wa darasa la pili anatumwa kwa Mangi na noti moja na maelekezo ya vitu vinne, anarudi navyo vyote, maana hesabu inafanywa mbele yake kabla kitu hakijafungwa.

Saunders aliipindua kanuni hiyo. Kwenye duka la kujichukulia, bidhaa imeshafungwa kiwandani kwa kipimo cha mwenye kiwanda, na pesa ndiyo inayoifuata. Mteja amepata uhuru wa kushika na kuchagua. Alichopoteza ni mtu wa kumwambia jumla yake kabla hajaamua. Jumla ameikuta mwisho wa safari, mbele ya watu. Niliiandika sentensi hiyo nikiwa karibu na Same, bibi akiwa anateremka na mizigo yake, nikaipigia mstari, nikijua bado ni dhana tu ya mtu aliye kwenye basi.

Moshi tulipita mlima ukiwa umejifunika. Arusha tulikula haraka. Longido kuna upepo na ng'ombe.

Namanga nilikuwa nimeiogopa. Niliambiwa habari za zamani: unateremka, unapanga foleni kugonga muhuri wa kutoka upande wa Tanzania, unavuka kwa miguu na begi, unapanga foleni nyingine kugonga muhuri wa kuingia Kenya. Siku hizi sivyo. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na Rais Magufuli na Rais Kenyatta mwezi Desemba 2018, kimewaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Anayekwenda Kenya anahudumiwa jengo la upande wa Kenya: ofisa wa Tanzania anakugongea umetoka, unasogea dirisha la jirani, ofisa wa Kenya anakugongea umeingia. Dada aliyekuwa mbele yangu alimaliza yote mawili bila hata kukirudisha kitambulisho chake mkobani. Jirani yake akawa anabishana na ofisa juu ya mfuko wa plastiki, kwa sababu Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017, nasi tukafuata Juni 2019.

Kwa mtu anayejizoeza maswali ya maduka, Namanga ni shule. Hakuna aliyeongeza kasi ya kugonga muhuri. Hakuna aliyeleta mashine ya ajabu. Kilichofanyika ni kuuliza kwa nini madirisha mawili yanayomhusu mtu yule yule yako mbali, kisha kuyasogeza. Foleni ya pili haikufanywa fupi, bali iliunganishwa na ya kwanza. Nimeona wabunifu wengi wakikimbilia kuifupisha foleni au kuipamba kwa televisheni, na wachache wanaouliza kama inahitajika kuwepo.

Nairobi tuliingia usiku, kwa njia ya Kitengela na Athi River, taa za malori zikiwa hazina mwisho. Dada yangu, binti wa shangazi, alinipokea River Road. Ameishi Nairobi miaka mingi na ni keshia wa supamaketi, jambo ambalo, nakiri, lilinifanya nimpigie simu mapema kuliko ndugu wengine wote.

"Umekuja kusoma foleni?" akacheka. "Mdogo wangu, foleni zenyewe mimi ndiye ninayezipigia beep kutwa nzima. Keti nikuambie."

"Dada, usiniambie kwanza. Nikaone mwenyewe, halafu uniambie."

Supamaketi niliyoanza nayo si yake. Iko South B, si kubwa sana, nami sitaitaja jina. Mlangoni mlinzi alinipapasa kwa kile kifimbo chao kinacholia, akaniomba begi, nikalikabidhi kwenye kidirisha cha mizigo na kupewa kibati chenye namba. Wakati wa kutoka, mlinzi mwingine alichukua risiti yangu, akaitazama, akaichora kwa kalamu. Kwa vitabu vya Wamarekani, mlangoni ndipo pa kuanza kuboresha. Paco Underhill, aliyewafuatilia wanunuzi kwa miaka mingi na kuandika Why We Buy mwaka 1999, anaeleza kwamba hatua chache za kwanza baada ya mlango mteja bado anazoea mahali, hasomi kitu wala haoni tangazo. Nairobi hatua hizo za kwanza ni upekuzi. Lakini hapa watu wanakumbuka shambulio la kigaidi la Septemba 2013 kwenye jengo la Westgate, na supamaketi iliyokuwa ndani yake. Mgeni atakayesimama mbele ya ubao na kupendekeza upekuzi uondolewe ili mteja apite raha atakuwa amejibu swali la mji mwingine. Nililifuta pendekezo hilo kabla sijamaliza kuliandika. Suala la kidirisha cha mizigo nililibakiza daftarini: mtu mwenye mkoba wa laptopu anaweza kuamua asiingie kabisa, nami niliwaona wawili waliogeuka.

Ndani nilisimama mwisho wa foleni, nikanunua biskuti, nikatoka, nikarudi kwa maji. Kuna kanuni moja inayomfaa kila mtu anayesimama foleni, aliyoithibitisha John Little mwaka 1961. Idadi ya watu waliomo kwenye foleni, kwa wastani, ni sawa na idadi ya wanaoingia kila dakika ukizidisha na dakika anazokaa kila mmoja. Tuseme foleni ina watu 12, na kila dakika wanajiunga 3. Kila mtu atakaa dakika 4. Huhitaji kumpima kila mtu kwa saa, wala ruhusa ya meneja. Unahesabu vichwa ukiwa umeshika biskuti. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1909, Mdenishi A. K. Erlang alianza hesabu za foleni akiwa anashughulikia simu za mjini Copenhagen, na tangu hapo wataalamu wanakubaliana kwamba foleni moja inayogawanyika kwa keshia anayepatikana ina haki zaidi kuliko foleni tano zinazoshindana, kwa sababu hakuna anayekwama nyuma ya mtu mwenye matatizo.

Mwenye matatizo. Huyo ndiye niliyemfuata.

Jioni moja, watu wametoka kazini, foleni ya mkono wa kulia ilisimama kabisa. Mbele alikuwa mama wa makamo, sare ya usafi chini ya sweta. Alikuwa na unga pakiti mbili, mafuta, sukari, sabuni ya kipande, na mkebe mdogo wa kakao. Keshia akamwambia jumla. Mama akaitazama skrini, akafungua pochi, akahesabu noti kwa kidole bila kuzitoa. Akasema kwa sauti ya chini, "Toa kakao." Keshia akainua mkono akaita, "Supavaiza!" Tukasubiri. Supavaiza akaja na kadi yake, akaigusisha, kakao ikafutika. Bado. Mama akasema, "Na sabuni." Supavaiza alikuwa ameshaondoka. Akaitwa tena. Nyuma yangu kijana akapumua kwa nguvu, yule mama akasikia, nasi wote tukajifanya tunasoma matangazo ya betri.

Usiku ule dada yangu alinieleza upande wa pili, anakatakata sukuma wiki. Keshia haruhusiwi kufuta kitu alichokwisha kukipiga kwenye mashine. Angeweza kumfutia rafiki yake bidhaa na kumpa atoke nayo. Kwa hiyo kila kinachorudishwa ni lazima supavaiza aje. Kuna wanaosahau kupima mboga kwenye mzani wa ndani na kuja nazo bila stika, hao nao wanasimamisha foleni, lakini hao hawaoni haya, wanatumwa wakapime basi. Anayerudisha vitu kwa kukosa pesa ndiye anayeumia. Wanaolipa kwa M-Pesa nao hawajaepuka: mteja anaandika namba ya siri, simu inamjibu salio halitoshi.

"Wengine wanafuliza hapo hapo," dada akasema, "deni analichukua akiwa amesimama mbele yangu, kwa sababu ya aibu tu. Mkate angeuacha, lakini watu wanamtazama."

"Na wale wanaojua pesa zao hazitoshi, wanafanyaje?"

"Wanajiwekea akiba. Mtu ana elfu moja, ananunua vya mia saba. Anaogopa hesabu ya kichwani isije ikamdanganya. Wanakuja, wananiuliza, 'Madam, nipigie kwanza hizi nione.' Mimi siruhusiwi."

Mia tatu inayorudi nyumbani kwa woga. Hiyo sikuipata kwenye kitabu chochote, na nilijua hapo hapo ndiyo itakayonibeba kwenye usaili. Mwenye duka anadhani anamkosa mteja kwa sababu ya bei au kwa sababu ya mpinzani aliye ng'ambo ya barabara. Kumbe mteja yumo ndani, pesa anayo mfukoni, na haitumii kwa sababu hakuna anayemwambia amefikia wapi.

Kesho yake nilizunguka supamaketi kadhaa za mjini nikitafuta kama kuna aliyelishughulikia. Mashine za kusomea bei zilikuwepo, nyingine zinafanya kazi. Zinakuambia bei ya kitu kimoja kimoja. Jumla unabaki nayo kichwani. Nilishaanza kukata tamaa nilipofika kwenye kona ya maziwa na kukuta watu wamepanga mstari na chupa zao za nyumbani, mbele ya kisanduku cha chuma cha pua chenye bomba. Wanaiita ATM ya maziwa. Mzee mmoja wa kofia akaweka chupa ya soda iliyooshwa na kusema, "Ya hamsini." Mhudumu akabonyeza, bomba likamwaga, likakatika lenyewe. Anayefuata: "Ya mia." Anayefuata ni mtoto wa shule, ameshika sarafu: "Ya thelathini." Hakuna aliyeuliza lita ni kiasi gani. Hakuna aliyerudisha kitu.

Nilibaki pale kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka mhudumu akaniuliza kama nina chupa. Katikati ya supamaketi, kwenye rafu zilizoachwa na Saunders, Mangi alikuwa amerudi akiwa amevaa chuma. Pesa imetangulia tena, bidhaa inaifuata. Kama maziwa yanaweza, nikajiuliza, kwa nini kikapu kizima kisiweze?

Kujizoeza kwa sauti nilifanya na rafiki niliyejuana naye mtandaoni, Mkenya anayejiandaa kwa usaili wa aina hiyo hiyo kwingine. Tulikutana Jeevanjee, ile bustani ya katikati ya jiji, tukaketi kwenye benchi kati ya wahubiri wawili ambao kila mmoja alikuwa na spika yake. Nawashauri wote wanaojiandaa wafanyie hapo. Ukiweza kueleza haja za mteja huku unatangaziwa kiama kushoto na kulia, chumba cha usaili chenye kiyoyozi hakitakutisha.

Nilimwuliza swali la supamaketi. Akajibu vizuri mpaka kwenye mapendekezo, akaweka kamera darini: mteja anachukua, anaondoka, pesa inakatwa. Amazon walifungua duka la namna hiyo kwa umma mjini Seattle mwezi Januari 2018, na kila mtahiniwa tangu hapo amelitaja.

"Mteja wako ni nani?" nikamwuliza.

"Mtu wa haraka. Hataki foleni."

"Yule mwenye elfu moja tu mfukoni atajuaje amemaliza pesa?"

Akanyamaza kidogo. "Atajua akifika nje."

"Akifika nje, simu inamwambia salio halitoshi."

Tulicheka, lakini jambo lenyewe si la kucheka, wala si la Nairobi peke yake. Mwaka 2024 Amazon wenyewe walitangaza kuiondoa teknolojia hiyo kwenye maduka yao makubwa ya vyakula ya Fresh nchini Marekani, wakaweka mahali pake toroli zenye skrini inayomwonyesha mteja jumla yake kadiri anavyojaza. Wateja, walisema, wanataka kuiona risiti yao wakiwa bado wananunua. Wanunuzi wa Marekani na yule mama wa South B walikuwa wanaomba kitu kile kile. Rafiki yangu akaandika, akafuta kamera zake, akaniomba tuanze upya. Baadaye tulivuka barabara ya Muindi Mbingu, tukaingia City Market, akanipa swali la kuboresha soko la nyama kwa wazee. Nikalijibu vibanda vikituita kila upande, na muuza maua mmoja akachangia kwamba wazee wanataka viti. Alisema kweli.

Siku ya usaili niliamkia Westlands mapema. Wasaili walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wakanipa chai kwanza. "Karibu sana. Umetoka Dar kwa basi? Pole!" Swali lilikuwa lenyewe, bila mapambo: duka la rejareja, chagua lolote, boresha. Nikachagua supamaketi ya mtaa yenye wateja wa mshahara wa wiki. Nikamweka mbele yao mama wa kakao, bila kumpa jina, pamoja na supavaiza na kadi yake, na mia tatu inayorudi nyumbani.

Pendekezo langu lilikuwa dogo kwa makusudi. Mteja anaingia, anaandika kwenye simu yake kiasi alicho nacho, na kila bidhaa anayoiweka kikapuni anaisomesha mistari yake myeusi kwa kamera ya simu. Namba ya juu inapungua. Asiye na simu janja anaazimwa kifaa cha kusomea pale pale kwenye kidirisha cha mizigo, anapokabidhi begi lake, ili dirisha lile lile lifanye kazi mbili, kama Namanga. Na kwa vinavyopimika, mchele, sukari, mafuta, yawekwe mabomba na mizani ya kupokea "ya hamsini".

Yule mwanamke akaweka kalamu chini. "Duka linafaidikaje ukimsaidia mteja atumie kidogo?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja tangu jikoni kwa dada. Nikamwambia mteja hatumii kidogo, anatumia zaidi. Leo ana elfu moja ananunua vya mia saba. Akijua namba yake atanunua vya mia tisa na hamsini. Foleni haisimami, supavaiza hakimbii huku na kule, bidhaa zilizoachwa kaunta hazihitaji mtu wa kuzirudisha rafuni. Nikasema pia nitakachokipima: idadi ya bidhaa zinazofutwa kwa kadi ya supavaiza kila siku, kabla na baada. Namba hiyo kila supamaketi inayo tayari ndani ya mashine zake, na haigharimu kitu kuisoma. Nikasema na udhaifu wake, maana wataulizia: mtu anayesomesha kila kitu kwa simu huenda polepole, na wengine wataona kuandika kiasi cha pesa zao kwenye programu ya mtu ni kuvuliwa nguo. Kwa hiyo kiasi hicho kibaki kwenye simu ya mteja, duka lisikione kamwe. Mwanamume akabishia hapo, akasema kitengo cha mauzo kitaitaka takwimu hiyo kwa udi na uvumba. Nikamwambia ndiyo maana nimelisema mapema. Tulibishana mpaka muda ukaisha, na nadhani mabishano yale yalinisaidia kuliko ubao wote.

Niliondoka Nairobi kwa basi la asubuhi nikiwa na kilo moja ya majani ya chai na chupa tupu ya maziwa ambayo dada aliniwekea mkobani kwa utani. Jibu lilinikuta Dar: nimepata kazi, kwa mkataba wa majaribio kwanza. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa haihusu duka lolote, ni fomu ya kujisajilia bima, yenye kurasa nyingi na mteja asiyejua jumla atakayolipa mpaka ukurasa wa mwisho.

Ukiitwa nawe kwa usaili wa Nairobi, nenda maduka ya mtaani jioni, tarehe za mwisho wa mwezi, usimame foleni ya mkono wowote inayokwenda polepole. Na mifuko ya plastiki iache nyumbani.